Maua ya Oktoba

Nicolaus alipoitwa alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaninong'oneza, "Usihofu, mke wangu. Tarehe zote ninazo kichwani." Kisha akamfuata afisa, mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizokatwa fupi, na mlango ukafungwa nyuma yao. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, Machi 2014, na nje theluji ya majuma mengi ilikuwa imeganda kando ya barabara, chafu, inangoja kuyeyuka.

Barua ya uhamiaji ilisema tutahojiwa mmoja mmoja. Walitaka kujua kama ndoa yetu ni ndoa au ni makaratasi tu. Wakiridhika, ningepata ukaazi. Wakigundua tumewadanganya, ombi lingetupwa, kibali changu cha mwanafunzi kilikuwa kinaisha Aprili, na ningefungiwa mlango wa Kanada miaka miwili. Nicolaus angebaki peke yake kwenye fleti yetu kule Malvern, mashariki mwa Toronto, na mimi ningerudi nyumbani Bomet kueleza nilichokuwa nikikificha.

Na ndoa yenyewe ilikuwa ya kweli! Hilo ndilo lililonichoma. Tulioana Februari 2012 kwenye ofisi za jiji, mashahidi wawili, jioni tukala kuku wa kuchoma tukalala. Ila hatukuwa na picha hata moja tukiwa pamoja, na aliyezipiga marufuku ni mimi mwenyewe.

Kwetu Wakipsigis kuna koito. Wazee wa mwanamume wanafika kwa kina msichana, wanakaa na wazee wa huko, wanajadili mahari mpaka wanaelewana. Kabla ya hapo hakuna ndoa. Wazee wa Nicolaus walikuwa waje kutoka Rombo, upande wa Tanzania, Desemba 2011, tiketi za basi zimeshakatwa, baba mkwe akaanguka akavunjika nyonga. Koito ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Sisi tukashindwa kusubiri. Lakini baba yangu angesikia nimeolewa kabla hajakaa na wakwe zake, ingekuwa nimemvua nguo mbele ya ndugu zake wote. Na binamu zangu wanashinda Facebook. Picha moja tu ingetosha, kabla ya jioni Bomet nzima ina habari. Siku ya ndoa niliwanyang'anya mashahidi simu, nikazitia mkobani mwangu. Na kanisani, kila kamera ilipoinuliwa, mimi nilikuwa upande huu na mume wangu upande ule.

Basi tulipofungua fomu za ukaazi tukakuta wanataka picha za wanandoa wakiwa pamoja, za nyakati mbalimbali, zenye tarehe nyuma.

"Tuandike barua," Nicolaus alisema. "Tueleze mambo ya koito. Ukweli unajitosheleza."

"Nani atakuelewa? Watadhani tumetunga."

"Hivi sasa ndiyo tunataka kutunga."

Mume wangu alisoma seminari ndogo. Hakufika kwenye upadri lakini uongo ulibaki unamkwama kooni. Analipa nauli hata dereva akimwambia apite bure. Tulibishana. Niligomba, halafu nikanuna, na mimi nikinuna nimenuna. Juma la pili akasema, "Sawa. Umeniomba, nitasema unavyotaka. Ila hizo picha sitaki kuziona."

Nikaenda kwa Mogaka, mpiga picha za harusi wa kanisani kwetu, kijana wa Kisii ambaye hakuwa amemaliza hata miezi saba Toronto. Alinisikiliza akapiga makofi. "Sister, hiyo ni kazi ya siku moja. Mbebe nguo seti nne. Tunaenda park moja kubwa, tunabadilisha nguo, tunabadilisha kona. Nani atajua?"

Bustani aliyoichagua ni High Park, upande wa magharibi wa jiji, mwendo wa karibu saa mbili kutoka Malvern kwa basi na treni. Ilikuwa Jumamosi, tarehe nne Mei 2013. Tulikuta miti imeshonana kwenye mteremko, matawi yote yamefunikwa maua meupe yenye wekundu kwa mbali, bila jani hata moja. Watu walikuwa wamejazana na kamera, wengine wamekaa chini wanachora. Nikauliza, mbona watu wengi hivi? Mogaka akajibu, "Si ni Jumamosi." Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amelala chali kwenye nyasi, kamera usoni, anaangalia jua likipita kwenye petali.

"Mwangaza huu siuachi," alisema. "Kwetu nilikuwa nikiwasha taa tatu kupata mwangaza kama huu."

Tukabadilisha nguo chooni mara nne. Gauni la njano, Juni 2012. Fulana nyeupe, Agosti. Makoti na skafu, Oktoba, jasho linanitiririka mgongoni. Na gauni la kitenge, Mei 2013, hiyo peke yake ndiyo ya kweli. Kila mara tulihama kona, na kila mara Mogaka akaturudisha chini ya maua, kwa sababu ni fundi, na fundi haachi kizuri akachukua kibaya. Mimi sikuona tatizo. Bugenvilia ya shuleni kwetu ilikuwa imechanua siku nilipoanza darasa la kwanza, na ilikuwa imechanua siku nilipomaliza la nane. Mti wa maua ni mti wa maua. Nicolaus alisimama alipoambiwa asimame, akitazama viatu vyake.

Nyuma ya picha, tarehe niliandika kwa mkono wangu.

Sasa nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, nakala zangu mapajani, najikumbusha kwa sauti ya chini. "Juni kumi, njano. Agosti kumi na moja, nyeupe. Oktoba saba, koti."

"Kiswahili hicho ni cha Nairobi au cha wapi, mwanangu?"

Nilishtuka. Pembeni yangu alikuwa amekaa bibi wa Kihindi, shali la pamba mabegani, miwani kwenye kamba. Alisema anaitwa Noorbanu, mzaliwa wa Mwanza, sasa anakaa Agincourt, si mbali na Malvern, na amemsindikiza mpwa wake Sikander ambaye karatasi zake zina matatizo. Nikamwambia mimi ni wa Bomet. Akafurahi, akasogea, macho yake yakaangukia mapajani pangu.

"Ah! High Park!" Akaichukua picha ya juu bila kuniomba. "Mimi huenda kila mwaka na rangi zangu za maji. Mwaka jana nilichora michoro sita tu, siku ya saba mvua ikaja, ikamwaga maua yote. Miti hii, micheri, haina huruma. Mwaka mzima unangoja, inakupa juma moja, siku kumi ikikupenda sana. Ukichelewa unachora vijiti."

Nilimsikia, lakini maneno yalichelewa kuniingia.

"Juma moja la mwezi gani, mama?"

"Mwisho wa Aprili, mwanzo wa Mei. Inategemea baridi." Alikuwa ameshachukua ya pili na ya tatu, anazisogeza karibu na miwani. "Hii ilikuwa siku ya pili, siyo? Angalia, baadhi bado ni vitumba. Na hii siku hiyohiyo, tawi lenye kovu ni lilelile. Na hii pia. Lakini mbona hapa mmevaa makoti?"

Akaigeuza, akasoma tarehe niliyoiandika nyuma. Akaigeuza tena upande wa picha, akaweka ukucha juu ya miti mikubwa iliyokuwa nyuma yetu.

"Hii ni mialoni," alisema taratibu. "Mwezi wa Juni mialoni ina majani mpaka hulioni jua. Hapa haina hata moja." Akanirudishia picha zikiwa zimepangwa vizuri, akavua miwani. "Hizi wanazo huko ndani?"

"Wanazo."

"Mungu wangu."

Maua Juni. Maua Agosti. Maua Oktoba, na sisi chini yake tumevaa skafu, tunacheka. Mtu yeyote aliyeishi mji huu mwaka mmoja macho yakiwa wazi angejua. Mimi nilikuwa nimeishi miaka miwili na nusu, na majira yake ya kuchipua yote nilikuwa darasani mchana na kazini usiku, kwenye nyumba ya kulea wazee.

Na Nicolaus alikuwa ndani dakika ya ishirini na tano, anakariri.

Nikachomoa simu kumwandikia. Simu yake ikatetemeka mkobani mwangu, alikuwa ameniachia nimshikie. Nikainuka nikaenda hadi mlangoni. Mlinzi akanyoosha mkono. "Mama, rudi ukae."

"Nataka kumwambia mume wangu neno moja."

"Rudi ukae."

Nilirudi nikakaa. "Nifanye nini?" nikamuuliza yule bibi, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

"Usiniulize mimi. Mimi nachora miti." Alikunja mikono ndani ya shali, akatazama mbele. Kisha akaongeza, "Mumeo atasema nini?"

"Nilichomwambia aseme."

Na hapo ndipo nilipokuwa nimenaswa. Ningefuata uongo wetu, tungezama wote wawili. Ningesema kweli, ningekuwa nimemwanika mume wangu kuwa mwongo, mtu ambaye uongo huo aliukataa majuma mawili, akaukubali kwa sababu nilimnunia. Nilimwomba Mungu afanye jambo moja: Nicolaus avunje ahadi. Sijawahi kumtakia mume wangu asitimize neno lake, isipokuwa siku hiyo.

Mlango ukafunguliwa saa nne kasoro dakika kumi. Nicolaus akatoka, afisa mbele yake, akaonyeshwa benchi la upande wa pili. Hatukuruhusiwa kusemezana. Uso wake ulikuwa umepauka. Alinitazama, akaniitikia kwa kichwa kidogo kunijulisha: nimefanya kama ulivyoniomba. Halafu akajaribu kutabasamu.

Nilitamani kulia palepale.

Chumba kilikuwa kidogo, meza, viti vitatu, faili letu. Picha zilikuwa kando ya mkono wa afisa, zimefunikwa kifudifudi. Aliniapisha. Akachukua kalamu.

"Kabla hujaniuliza lolote," nilisema, "nina jambo la kusema."

Kalamu ikabaki hewani.

"Picha zile nne za kwenye miti zilipigwa siku moja. Tarehe nne Mei, mwaka jana. Tarehe zilizoandikwa nyuma, tatu ni za uongo. Niliziandika mimi. Wazo ni langu. Mume wangu hakutaka."

Akaandika. Aliandika muda mrefu. "Kwa nini?"

Nikamweleza koito. Nilimweleza vibaya, nikianza mwisho nikirudi mwanzo, Kiingereza changu chote kimenikimbia. Nikamweleza baba, na Facebook, na nyonga ya baba mkwe, na simu za mashahidi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akazigeuza picha, akazipanga mezani mstari mmoja.

"Mimi nakaa mtaa wa pili kutoka bustani hii," alisema. "Miaka kumi na tisa. Nilijua siku nilipofungua bahasha yenu. Nilikuwa nangoja nione nani atasema."

Sikuthubutu kuuliza. Akaniambia mwenyewe.

"Mumeo nilimuuliza mara tatu. Mara mbili alijibu haraka, bila kosa. Mara ya tatu nikamwekea hii mkononi." Aligusa ile ya makoti. "Nadhani alikuwa haijui. Aliiangalia muda mrefu sana. Nikamuuliza, bwana, una hakika ni Oktoba?"

"Akasema nini?"

"Akasema tarehe ni hiyo iliyoandikwa nyuma."

Nicolaus ameishi Toronto miaka kumi na moja. Siku ile bustanini alitazama viatu tu; sasa aliyaona yale maua, akajua kila kitu papo hapo, akajua na afisa anajua, na bado akasema Oktoba. Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na nafsi yangu, na nilimpenda mpaka ikaniuma kifuani.

Afisa akainuka, akamwita. Nicolaus akaja akakaa kiti cha pili, magoti yake yakinigusa.

"Bwana, nakuuliza mbele ya mkeo. Picha hii ilipigwa lini?"

Nicolaus akanigeukia. Alikuwa ananisoma uso, anatafuta ruhusa, na mimi nilikuwa nimekauka, nikaduwaa, sekunde mbili, tatu. Akaichukulia hiyo kuwa jibu. Akamgeukia afisa.

"Oktoba," alisema.

"Nicolaus! Nimeshasema!" Kiswahili kilinitoka chenyewe, kwa kelele.

"Umesema nini?"

"Ukweli!"

"Lini?"

"Saa hii tu!"

"Sasa hivi?" Alisimama, kiti kikaanguka. "Jamani! Mimi nimekaa hapa dakika arobaini naapa kwa Mungu kwamba miti inachanua Oktoba, halafu wewe ndiyo unaukumbuka ukweli sasa hivi?"

"Sasa ulipoyaona maua si ungesema tu! Ni nani alikushikilia?"

"Wewe! Uliniomba! Ulikaa siku ngapi humsemeshi mtu ndani ya nyumba? Nilikuambia tuandike barua. Nilikuambia, Cherotich, nilikuambia!"

"Na mimi ningejuaje mti wao unachanua wiki moja? Huo ni mti ama ni nini?"

"Achana na mti! Mambo yote ni baba yako! Miaka miwili nimeoa, na huko kwenu sijazaliwa! Baba yako akipiga simu mimi naingia bafuni! Mtu mzima, nakaa juu ya sinki la choo, taa nimezima, nangoja mmalize kuongea habari za ng'ombe!"

"Nani alikuambia uzime taa?"

"Feni yake inapiga kelele!"

Afisa alikuwa ameweka kalamu chini. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Anasema nini?" aliniuliza.

"Anasema baba yangu akinipigia simu, yeye huenda kujificha bafuni."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

"Na taa?"

"Ukiwasha taa feni inawaka yenyewe," Nicolaus alijibu, akiokota kiti. "Baba mkwe angeisikia."

Afisa akachukua kalamu, akaandika hadi chini ya ukurasa, akageuza, akaandika tena. Nilihesabu mistari, nikapotea, nikaanza upya. Nicolaus alikuwa amefumba macho.

"Nakuuliza mara ya mwisho, bwana."

"Tarehe nne Mei, mwaka jana," alisema. "Zote."

"Asante." Alifunga faili. "Sikilizeni. Mkeo amesahihisha kabla sijamuuliza, na nimeandika hivyo. Ndoa hii naiamini. Ombi litaendelea, na mimi sitalipinga. Lakini nimeandika pia kwamba wewe ulidanganya mara nne, na hilo halitatoka humu. Kila utakapoleta ombi lolote mbele ya serikali, mtu atafungua faili hili na atalisoma."

"Naelewa," Nicolaus alisema.

Tulitoka. Bi Noorbanu aliinua nyusi, nikamwitikia kwa kichwa, akashusha pumzi. Nje upepo ulikuwa unakata. Nicolaus alitangulia hatua kadhaa, mikono mfukoni, na sikumwita. Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta. Aliyekilipia ni yeye, na hata asante sikujua nianze wapi kuisema.

Kwenye kituo cha basi alisimama akanipa mgongo. "Mara nne," alisema. "Na usingesema wewe, hata ya tano ningesema Oktoba."

"Najua."

"Usiniombe tena, Cherotich."

"Sikuombi tena."

Nilitoa simu. Bomet ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, baba angekuwa ameshakamua. Iliita mara nyingi, na kila mlio nilitamani asiipokee. Akapokea.

"Baba," nikamwambia kwa Kikipsigis, "nimeolewa."

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini. Nilisikia pumzi yake. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwisho akauliza, "Na nani?"

"Yuko hapa kando yangu."

Nikamnyooshea Nicolaus simu. Alirudi nyuma hatua moja, kwa mazoea, akitazama huku na huku kituoni. Kisha akavua glavu akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

Basi likaja, likafungua mlango, likangoja, likaondoka.

"Marahaba," sauti ya baba ilisikika, nzito, kwa Kiswahili. "Wewe ni nani?"

"Naitwa Nicolaus. Nilimuoa binti yako tarehe kumi na saba Februari, mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Baba alilirudia neno hilo polepole. "Na siku zote hizi nikimpigia simu mtoto wangu, wewe ulikuwa wapi?"

Mume wangu hakunitazama. Safari hii hakungoja ruhusa yangu.

"Bafuni, baba," alisema.